Bwana Allison na Damu Yenye Umbo la Mundu

Labda mnamjua mtoto wa namna hii. Wiki moja yuko shuleni, anasoma vizuri na kucheza na wenzake. Wiki ya pili hayupo. Akirudi, macho yake yana rangi ya manjano, mikono yake imekonda, na wakati wa mchezo anakaa peke yake chini ya mwembe. Usiku analia kwa maumivu ya mifupa: leo magoti, kesho mgongo, siku nyingine kifua. Mvua ya baridi ikimnyeshea, ataugua. Akikimbia sana juani pasipo kunywa maji, ataugua.

Nyumbani watu wanasema maneno mengi. Mmoja anasema, "Amelogwa." Mwingine anamtazama bibi mzee wa jirani kwa jicho baya. Ndugu za baba wanasema, "Damu hii mbaya imetoka kwa mama yake." Ndugu za mama nao wanaurudisha mzigo kwa baba. Mfumu anaitwa, kuku analipwa, na mtoto bado anaumwa.

Katika hospitali za Kongo ugonjwa huo unaitwa kwa herufi mbili tu: SS. Huko Tanzania wanauita selimundu. Leo tutasoma habari za mganga mmoja aliyeuliza juu yake ulizo rahisi, tena akaenda kutafuta jibu kwa miguu yake, kijiji kwa kijiji. Lakini kwanza inatupasa kuijua damu.

Ukijichoma kidole kwa mwiba, tone la damu linatoka. Kwa macho yetu tunaona maji mekundu tu. Mganga akilitia chini ya mikroskopu, yaani chombo chenye vioo vya kukuza vitu vidogo, haoni maji tena. Anaona chembe nyingi mno. Katika tone dogo kama kichwa cha pini mna chembe nyekundu milioni kadhaa. Kila moja ni ya mviringo, imebonyea katikati, kama donge la udongo ulilobonyeza kwa kidole gumba huku na huku. Ni laini. Hujipinda na kupenya katika mishipa myembamba kuliko unywele, ikichukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka katika kila kiungo cha mwili.

Chembe nazo huzeeka. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha inachoka, na mwili unaivunja, hasa katika wengu. Wakati huohuo ndani ya mifupa zinazaliwa nyingine za kushika nafasi yake. Basi damu uliyo nayo leo si ile uliyokuwa nayo mwaka jana, ingawa wewe ni yuleyule.

Kwa mtoto wa SS mambo ni tofauti. Kitu chekundu kilichomo ndani ya chembe, kiitwacho hemoglobini, kina kasoro ndogo. Chembe ikiisha kutoa hewa yake, hemoglobini hiyo inajishikanisha na kuwa kama nyuzi ngumu, na chembe inapindika kama mundu, kile kisu cha kukatia mpunga. Chembe ngumu namna hiyo haipenyi. Mmewaona watu wakipitisha magogo katika mfereji mwembamba: gogo moja likikaa upande, mengine yote yanakwama nyuma yake. Ndivyo inavyokuwa katika mishipa ya mtoto, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena chembe hizo hazifiki siku 120. Zinazeeka upesi na kuvunjika baada ya siku 10 au 20. Mifupa inajitahidi kutengeneza nyingine, lakini haiwahi, na damu inapungua. Ile rangi ya manjano machoni hutoka katika chembe zilizovunjika.

Mtu wa kwanza kuandika habari ya chembe hizo katika gazeti la waganga alikuwa James Herrick wa mji wa Chicago, Marekani, mwaka 1910. Mgonjwa wake alikuwa kijana mwanafunzi kutoka kisiwa cha Grenada. Watu wa Afrika walikuwa wameujua ugonjwa wenyewe tangu zamani, wakaupa majina yao, ila hawakuwa na mikroskopu ya kuiona chembe.

Mwaka 1949 watu wawili walionyesha namna unavyorithiwa. Mmoja ni James Neel wa Marekani. Mwingine ni mganga Beet, aliyefanya kazi katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo Zambia siku hizi, jirani yetu upande wa kusini. Waligundua hivi. Kila mtu ana mbegu mbili za kutengeneza hemoglobini, moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mbegu hizo za urithi huitwa jeni. Jeni nzuri tuiite A, jeni yenye kasoro tuiite S. Mwenye A mbili ni AA. Mwenye moja ya kila namna ni AS: huyu ni mzima, analima, anavua ndagala, anaoa, na labda hajui kamwe kwamba ana S. Mwenye S mbili ndiye mgonjwa.

Fanyeni jambo hili darasani. Chukueni vikopo viwili. Katika kila kopo tieni harage moja jeupe na moja jekundu. Kopo la kwanza ni baba AS, la pili ni mama AS. Funga macho, toa harage moja katika kila kopo, andika ulilopata, kisha rudisha. Fanyeni mara 40. Mtapata nyeupe mbili mara 10 hivi, mchanganyiko mara 20 hivi, nyekundu mbili mara 10 hivi. Nyekundu mbili ndiye mtoto wa SS. Angalieni tena: mtoto hawezi kupata nyekundu mbili ikiwa kopo moja halina nyekundu. Kwa hiyo ugonjwa huu hautoki kwa mama peke yake wala kwa baba peke yake. Wote wawili wametoa, na wote wawili hawakujua. Bibi mzee wa jirani hamo kabisa katika hesabu hii.

Sasa tumjue Bwana Allison. Anthony Allison alizaliwa mwaka 1925 katika Afrika ya Kusini, lakini alikulia Kenya, karibu na Gilgil, juu ya Bonde la Ufa. Huko ni nchi ya juu yenye baridi. Alipokuwa kijana alipenda kwenda kumtazama Louis Leakey, aliyekuwa akichimbua mawe na mifupa ya watu wa kale, na hapo akaanza kufikiri juu ya viumbe na namna vinavyogeuka polepole kizazi kwa kizazi. Alisoma Johannesburg, kisha akaenda Oxford, Uingereza, kujifunza uganga.

Mwaka 1949 Chuo Kikuu cha Oxford kilituma watu kwenye Mlima Kenya. Wenziwe walitafuta mimea na wadudu. Yeye aliitafuta damu. Alizunguka sehemu nyingi za Kenya, akiomba kwa watu tone moja la kidole. Tone hilo aliliweka pasipo hewa, akalitazama: zikipindika chembe, mtu huyo ana S.

Akaona jambo la ajabu. Pwani, na kando ya Ziwa Victoria, watu wenye S walizidi 20 katika kila 100. Katika nchi za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Watu wa pwani na Wajaluo wa ziwani hawana lugha moja wala ukoo mmoja. Kwa nini basi wafanane katika jambo hili?

Tena kulikuwa na ulizo la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa. Siku zile watoto wengi wa SS walikufa wangali wadogo, kabla ya kuoa au kuolewa. Kila mtoto aliyekufa alizikwa na S mbili. Kama ukitoa mahindi katika ghala kila siku wala huongezi, ghala itakwisha. Mbona S haikwisha? Mbona ilikuwa nyingi hivyo? Lazima kuna kitu kinachoiongeza.

Allison alifikiri: pwani kuna nini, na ziwani kuna nini, ambacho hakiko juu penye baridi? Kuna mbu. Sisi wa Kalemie tunaelewa upesi. Ziwa letu liko mita 770 na kidogo juu ya bahari, kuna joto, kuna majani na matope kando ya Lukuga, na usiku mbu huimba. Mtu akipanda nyanda za juu za Marungu, anavaa nguo nzito na mbu wanapungua. Mbu wa anofele ndiye anayeleta malaria, na malaria huua watoto. Basi, akawaza, labda mwenye AS, mwenye S moja tu, anaokoka katika malaria kuliko wengine.

Wazo si jibu. Ilimpasa kwanza kumaliza masomo yake, na mwaka 1953 akarudi Afrika ya Mashariki kulipima. Karibu na Kampala, Uganda, alitazama damu ya watoto 290 wa Baganda, kuanzia miezi mitano hadi miaka mitano. Kwa nini wadogo? Kwa sababu mtu mzima ameumwa malaria mara nyingi na mwili wake umezoea kupigana nayo. Kwake hutaona tofauti vizuri. Watoto 43 walikuwa na S. Kati yao 12 walikuwa na vijidudu vya malaria katika damu, ndiyo kusema 28 katika kila 100. Watoto 247 hawakuwa na S. Kati yao 113 walikuwa na vijidudu, karibu 46 katika kila 100.

Akaendelea. Wanaume thelathini wa Kijaluo walikubali kuambukizwa malaria ili ijulikane kweli. Kumi na watano walikuwa na S, kumi na watano hawakuwa nayo. Katika wale wasio na S, 14 walipata vijidudu. Katika wale wenye S, wawili tu. Kisha walipewa dawa. Siku hizi kazi ya namna hiyo inalindwa kwa sheria kali, na hata wakati ule haikuwa jambo dogo. Tunapomsifu Bwana Allison, tuwakumbuke na hao thelathini waliotoa miili yao.

Mwishowe alikusanya habari za damu ya watu karibu 5,000 wa makabila mengi. Kila alipoikuta S nyingi, aliikuta na malaria nyingi. Mahali palipopita pote ni Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, mpakani kabisa mwa Kongo: huko karibu watu 40 katika 100 walikuwa nayo. Mwaka 1954 akatoa habari hizo zote. Hesabu yake ni hii. Katika nchi ya mbu, AA wengi hufa kwa malaria. SS hufa kwa ukosefu wa damu. AS ndio wanaopona zaidi, wanakua, wanazaa, na wanaipitisha S. Mbegu inayomwua mtoto mmoja ndiyo iliyomwokoa kaka yake. Ndiyo maana haikwisha.

Si wote waliomsadiki. Waganga wengine walijaribu tena, hawakuona sawa na yeye, wakabishana katika magazeti yao kwa miaka. Hivyo ndivyo inavyopasa; jambo la elimu halishiki mpaka wengine wamelipima. Baadaye lilishika. Watu waliochungua watoto wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, walionyesha mwaka 2005 kwamba AS inapunguza malaria kali kwa sehemu 90 hivi katika 100. Njia mojawapo ni hii: kijidudu kikiingia katika chembe ya mtu wa AS, chembe inapindika upesi, na wengu inaitoa pamoja na mgeni wake.

Hapa msikosee. Mwenye AS aweza kuumwa malaria, naye alale ndani ya chandarua kama wote. Na mtoto wa SS hana ulinzi huo: kwake malaria ni adui mkali kuliko kwa mwingine yeyote, kwa sababu inavunja damu ambayo tangu mwanzo haitoshi.

Allison hakukaa juu ya kazi hiyo moja maisha yake yote. Alipokuwa London alichungua vifuko vidogo vilivyomo ndani ya chembe za mwili, viitwavyo lisosomu, vilivyogunduliwa na Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955. Vifuko hivyo vina maji makali ya kumeng'enya takataka. Mwaka 1966 Allison na wenziwe walionyesha kwa nini vumbi la mawe huharibu mapafu ya wachimbaji wa madini: chembe inayosafisha mapafu inameza vumbi, vumbi linatoboa vifuko, maji makali yanamwagika, na chembe inakufa kwa silaha yake yenyewe. Wale walio na baba au babu aliyechimba madini ya Katanga watajua kikohozi tunachosema. Mwaka 1978 alirudi Kenya kuongoza nyumba ya uchunguzi wa magonjwa ya ng'ombe huko Nairobi, akakaa miaka michache tu.

Kazi yake kubwa ya mwisho aliifanya Marekani, katika kampuni ya Syntex, pamoja na mkewe Elsie Eugui, naye mtaalamu. Mtu akipewa figo ya mwingine, chembe nyeupe za damu yake huishambulia kama adui. Allison alikuwa anajua habari za watoto waliozaliwa na upungufu wa kurithi ambao unazuia chembe nyeupe zisiongezeke. Akawaza: tukipata dawa ifanyayo jambo hilo kwa kiasi, figo itakaa salama. Dawa waliipata katika kitu cha zamani sana. Mwaka 1893 Mwitalia Bartolomeo Gosio aliikuta katika ukungu uotao juu ya mahindi yaliyoharibika, ule ambao mama anautupa nje kwa hasira. Wao wakaitengeneza upya, na mwaka 1995 serikali ya Marekani ikaruhusu itumiwe kwa wagonjwa wa figo. Inaitwa mikofenolati. Allison alikufa California mwaka 2014, akiwa na miaka 88.

Je, na mtoto wetu wa chini ya mwembe? Kwa miaka mingi ugonjwa wake ulijulikana sana vitabuni na kutibiwa kidogo sana vijijini, na hilo ni jambo la kuhuzunisha. Lakini kazi imeendelea, na sehemu yake imefanywa na Wakongo. Mganga Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenziwe wa Angola, Kenya na Uganda waliwapa zaidi ya watoto 600 wa SS dawa iitwayo hidroksiurea. Mwaka 2019 walitangaza walichoona: maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani waliruhusu matibabu ya kurekebisha jeni ndani ya chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei yake ni kubwa mno, haijawa ya watu wetu.

Mtoto huyo anahitaji vitu ambavyo hata wenzake wanaweza kumsaidia kupata. Anywe maji mengi. Mwalimu amruhusu kutoka. Avae nguo ya joto asubuhi za kiangazi, upepo wa ziwa unapovuma. Asilazimishwe kushindana mbio. Alale ndani ya chandarua. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ileile, wasingoje kesho.

Na kwanza damu yake ipimwe. Muuguzi anachukua tone la mtoto, anaandika karatasini SS. Kisha anawaomba wazazi nao. Mama ananyosha kidole: AS. Baba anasita kidogo, anatazama mlangoni ndugu zake wasimame wapi, kisha naye ananyosha mkono. AS.

MAULIZO

1. Chembe nyekundu ya mtu mzima huishi siku ngapi? Na ile ya mtoto wa SS?
2. Kwa nini chembe zenye umbo la mundu huleta maumivu?
3. Baba ni AA, mama ni AS. Je, waweza kuzaa mtoto wa SS? Onyesha kwa maharagwe.
4. Allison aliona tofauti gani kati ya watu wa pwani na watu wa nchi za juu?
5. Kwa nini alichagua watoto wadogo huko Kampala, si watu wazima?
6. Mtu anasema, "Huyu ana AS, hana haja ya chandarua." Mjibu.